UZI: Nani aliharibu uchumi? Rupia, noti na dola

1. Kila msimu wa kampeni swali hili linarudi: "Nani aliharibu uchumi?" Hawa wanasema ni waliotangulia, wale wanasema ni waliopo. Watu wanatukanana hadi usiku wa manane na hakuna aliyeeleza mgogoro wa uchumi wenyewe ni kitu gani. Leo nijaribu. Sitaji mwanasiasa wala chama, na nyinyi mkijibu msitaje.

2. Nianzie nyumbani. Mimi ni wa Kau, juu kidogo ya Kipini, pale Tana inapokaribia bahari. Kwetu ni mpunga na maembe. Mwaka mmoja mnunuzi alikuja miembe ikiwa bado maua, akamlipa baba pesa za maembe ambayo hayajakuwepo. Baba akaezeka mabati, akalipa karo. Kisha mto ukapungua nguvu, maji ya chumvi yakapanda kutoka baharini hadi mashambani. Maua yakapukutika. Maembe hayakuja, deni likaja. Msimu uliofuata tulimvunia mtu mwingine.

3. Mgogoro wa fedha ndo huo, ila ni wa nchi nzima. Watu, benki au serikali wanaahidi kulipa kwa kipato ambacho hakijafika. Miaka ya neema hakuna anayeuliza, manake kila mtu anaezeka mabati. Halafu kitu kimoja kinabadilika: bei, riba au thamani ya pesa. Ahadi zinazidi uwezo, na kila anayedai anataka chake siku hiyo hiyo. Wakikimbilia benki, ni mgogoro wa benki. Wakiitupa shilingi watafute dola, ni mgogoro wa sarafu. Serikali ikishindwa kulipa, ni mgogoro wa madeni. Mara nyingi mmoja unamvuta mwenzake.

4. Si jambo jipya kwetu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia tulitumia rupia, na pauni moja ilikuwa rupia 15. Vita vikapandisha bei ya madini ya fedha, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaiweka rupia 10 kwa pauni. Piga hesabu: mlowezi aliyekopa rupia 1,500 alikuwa anadaiwa pauni 100. Sasa anadaiwa pauni 150. Hajakopa hata senti nyingine, deni limekua lenyewe likiwa limelala.

5. Wakati huo huo bei za mazao duniani zikaanguka. Sasa walowezi walifanya nini? Mwaka 1921 waliamua kukata mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja. Yule kibarua hakukopa, hakupanga kiwango cha rupia, hakualikwa kwenye kikao. Lakini bili ilimfikia yeye. Shikeni hapo, tutaparudia.

6. Twende 1992 na 1993. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu mwishoni mwa 1991. Mwaka 1992 ulikuwa wa uchaguzi, na pesa zikamwagika. Ndo ule wakati wa Goldenberg, mabilioni yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, nchi ambayo almasi hata haichimbi. Noti ziliongezeka, magunia ya unga yakabaki yale yale. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 40 mwishoni mwa 1992 ikapita 60.

7. Mama anasema mwaka ule mwenye duka aliacha kabisa kuandika bei. Mwenye dola au nyumba za kupangisha alipona. Aliyeumia ni mwenye shilingi zake ndani ya kopo chini ya kitanda, na mwalimu mwenye mshahara usiosogea. Mfumuko wa bei ni kodi ambayo haipitii bungeni.

8. Na hii ya juzi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Eurobond, na dola bilioni 2 za ile ya miaka kumi zilitakiwa kulipwa Juni 2024. Wakati wa kukopa dola ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilifika 160. Kwa shilingi, deni lile lile lilitoka kama bilioni 174 hadi 320. Ni rupia ya 1920 imerudi na koti jipya! Februari 2024 tukakopa dola bilioni 1.5 tupate kulipa sehemu kubwa ya lile la zamani. Riba ya zamani ilikuwa asilimia 6.875, mpya ikawa 9.75. Shilingi ikapata nguvu tena, kweli. Lakini Mswada wa Fedha wa 2024 ukaja na kodi mpya, vijana wakaingia barabarani mwezi Juni, wengine hawakurudi nyumbani. Mswada ukaondolewa. Deni halikuondoka nao.

9. Mtaniuliza, kwa hivyo tusikope? Hapana. Yale mabati ya baba hadi leo yanatukinga mvua. Deni si dhambi. Kosa ni kuahidi maembe yote ukiwa unatazama maua, bila kujiuliza chumvi ikipanda itakuwaje. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ila hawakutuambia alipe nani, na hilo ndo swali la siasa.

10. Kwa hivyo akija wa upande wowote na hoja ya uchumi, muulizeni manne tu. Deni ni la sarafu gani? Linalipwa lini? Litalipwa kwa kipato gani kilichopo leo, si cha kwenye maua? Na mambo yakienda mrama, nani atakatwa kwanza? Akianza kumtaja mpinzani wake kabla ya kujibu, jueni hana jibu.

Mwisho wa uzi. Wa Kipini, Ozi na Garsen, nanyi mwaka 1993 mnaukumbuka vipi? Waulizeni wazee mniandikie hapa chini.