Kichefuchefu Kikali cha Mimba Changa
Maradhi yampatayo mja mzito, yaanzayo aghalabu kati ya juma la 4 na la 6 la himila, yapitayo kadiri ya kichefuchefu kilichozoeleka, hata chakula wala maji yasikae tumboni, mwili ukapungua uzito kwa asilimia 5 au zaidi, na mkojo ukawa haba, wenye rangi iliyokoza. Sababu yake, ambayo kwa dahari ilisingiziwa deko na udhaifu wa nafsi, dhuluma isiyo na udhuru, ilibainika kwa sehemu kubwa mwaka 2023, pale watafiti, miongoni mwao Marlena Fejzo na Stephen O'Rahilly, walipoonyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, itokayo kwa wingi katika kijusi na kondo, huwataabisha zaidi wanawake ambao miili yao haikuizoea kabla ya kushika mimba.

Kula kidogo kidogo vyakula vikavu visivyo na harufu, na kunywa kwa mafunda, huleta afueni; tangawizi nayo huwafaa wenye hali nyepesi, bali kumshurutishia mgonjwa mahututi ni kumchosha bure. Akishindwa hata na maji, au akipitisha muda wa saa 8 pasipo kukojoa, hana budi kupelekwa hospitali, atiwe maji ya chumvi mshipani, na vitamini B1 itangulie maji ya glukosi, kwani upungufu wa vitamini hiyo huweza kudhuru ubongo. Dawa salama za kuzuia kutapika zipo, ingawa msiba wa thalidomidi, dawa waliyopewa wajawazito na iliyoondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961 baada ya kulemaza watoto maelfu, uliacha hofu ya muda mrefu. Wengi hupata nafuu kufikia juma la 20. Wachache hutaabika hadi kujifungua.