Kuni, Kiangazi na Moto wa Porini: Historia ya Puge Inatufundisha Nini?

Mahindi na karanga viko ghalani, pamba imeshauzwa, na kwa wengi wetu hapa Puge miezi ya Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuni. Akina mama wanaweka akiba ya kuni za masika, wenye tumbaku wanaandaa kuni za mabani, na wachoma mkaa wako kazini. Ndiyo pia miezi ambayo nyasi zimekauka kiasi kwamba cheche moja inatosha kumaliza malisho ya kijiji kizima kabla jua halijazama.

Leo sitaanza na maelekezo. Nitaanza na historia, kwa sababu mtu akijua kwa nini pori letu linawaka namna hii, maelekezo atayashika bila kukumbushwa.

Njia ya misafara ilikuwa njia ya kiangazi

Puge iko karibu katikati ya Nzega na Tabora. Hata barabara ya lami ilipojengwa ilijengwa kwa vipande viwili vinavyokutana hapa: Nzega hadi Puge, na Puge hadi Tabora. Lakini watu walipita nchi hii zamani sana kabla ya lami. Tabora, au Unyanyembe kama ilivyoitwa, ilikuwa njia panda ya biashara ya pembe za ndovu. Barabara moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini kuelekea ziwa kubwa. Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora, akaelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria.

Angalia miezi hiyo: Julai, Agosti. Haikuwa bahati. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima kwanza. Walivuna, wakabeba mizigo wakati wa kiangazi, na wengi walitaka kuwa nyumbani mvua zikianza wapate kulima. Kwa hiyo msafara wa mamia ya watu ulipita porini wakati pori limekauka kabisa. Kila jioni walikata miti, wakajenga vibanda vya matawi na nyasi, wakazungushia boma la miiba, wakawasha mioto ya kupikia na ya kufukuza wanyama. Asubuhi waliondoka.

Fikiria kazi hiyo: kukata kuni, kupika, kuota moto, kulala katikati ya nyasi kavu, mahali papya kila siku. Ndiyo kazi ileile anayoifanya leo mtu anayekwenda kukata kuni siku mbili porini na mkokoteni wake. Hatari haijabadilika.

Usidhani hayo yameisha. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro katika eneo la Whona, kwenye njia ya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya TANAPA yalisema ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha moto chakula. Mlima uliwaka zaidi ya wiki nzima. Moto mdogo wa chakula, mwezi wa Oktoba, mikononi mwa watu wenye haraka ya kuendelea na safari.

Wazee walijenga wakijua moto upo

Agosti 1871 Mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora. Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, karibu na mji, na aliandika jinsi alivyoona sehemu ya Tabora ikiteketea. Vita katika nchi kavu yenye mapaa ya nyasi ni vita vya moto.

Ndiyo maana tembe inastahili heshima yake. Paa lake la bapa ni la magogo yaliyofunikwa udongo, na cheche ikitua juu ya udongo inakufa. Ukuta ni mnene. Uwanja uliozunguka kaya ulifagiliwa kila siku hadi udongo mtupu. Bibi zetu walisema uwanja mchafu ni aibu, na sisi tukadhani ni suala la usafi tu. Uwanja mtupu hauna cha kuungua, na moto wa nyasi ukifika pale unasimama. Leo tuna mabati, jambo jema, lakini nyasi tumeziacha zimee hadi ukutani, na kuni tumezipanga chini ya dirisha.

Sotoka, mbung'o na moto wa serikali

Sehemu hii ya historia wengi hawaijui. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Kisha zikaja vita, na Vita Kuu ya Kwanza ilichukua wanaume wengi kuwa wapagazi wa majeshi. Watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi mahali palipokuwa mashamba na malisho. Vichaka vilileta mbung'o, na mbung'o alileta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu.

Katika miaka ya 1920, kwa majirani zetu wa Shinyanga, Mwingereza C. F. M. Swynnerton aliongoza kazi ya kupambana na mbung'o, na moja ya silaha zake ilikuwa moto. Moto huo ulikuwa na mpango wake. Watu walizuiwa kuchoma nyasi mapema. Nyasi ziliachwa zikauke kabisa, halafu zikachomwa kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali na uue vichaka anamojificha mbung'o. Baadaye watu kwa maelfu walikusanywa kufyeka pori.

Swynnerton alijua alichokifanya. Aliuchagua moto wa mwisho wa kiangazi kwa sababu ndio unaoua miti. Wenzake wa Rhodesia ya Kaskazini, sasa Zambia, walilipima jambo hilo. Kuanzia mwaka 1933, pale Ndola, walitenga vipande vya msitu wa miombo kama huu wetu. Vingine vilichomwa mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, na vingine havikuchomwa kabisa. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka hadi mwaka vilipoteza miti yake vikabaki zaidi nyasi. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Visivyochomwa vilizidi kuwa msitu mnene.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, moto unaotoroka kwa mkata kuni mwezi wa Septemba au Oktoba ni moto wa aina ileile iliyotumika kuangamiza pori kwa makusudi. Unapita katika saa ambayo miti haiwezi kuuvumilia. Ukiacha utoroke leo, miaka mitano ijayo mke wako au binti yako atatembea mbali zaidi kutafuta kuni.

Kutoka jangwa hadi ngitili

Shinyanga ilifyekwa hadi ikabaki uwanda mtupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti. Kilichofanikisha zaidi kilitoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi wenyewe: ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi ziote na miti ichipue, kisha linafunguliwa mifugo ikiwa na njaa mwishoni mwa kiangazi. Ngitili zilienea, na hapa Wilaya ya Nzega tunazo pia.

Sasa tazama ngitili kwa jicho la moto. Mwezi wa Septemba, wakati malisho ya nje yameisha, ngitili ndiyo pekee yenye nyasi ndefu, kavu, zilizosimama. Ni ghala la chakula cha ng'ombe, na papo hapo ni ghala la kuni za moto wa porini. Na pembeni yake ndipo watu wanapokwenda kutafuta kuni, kwa sababu ndipo penye miti. Ngitili ikiungua Septemba, mfugaji hana pa kukimbilia hadi mvua za Novemba au Desemba. Ng'ombe wa kulimia wanadhoofika, shamba linalimwa kwa kuchelewa, na njaa ya mwaka unaofuata inakuwa imeanzia kwenye kijiti kimoja cha kiberiti.

Majani mapya yasikudanganye

Miombo ina tabia ya ajabu. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya tone la mvua, miti inatoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, halafu yanageuka kijani. Mtu anatazama juu anaona pori limechanua, anasema unyevu umerudi. Unyevu huo mti umeuvuta kutoka chini sana. Tazama miguuni mwako: nyasi ni zile za mwezi wa Tano, zimekufa, na juu yake kuna majani makavu yaliyodondoka. Moto hautambai juu kwenye majani mapya, unatambaa chini. Pima hatari kwa kutazama chini.

Kabla ya kwenda kukata kuni

1. Pata kibali na mwambie mtu unakokwenda. Mwenyekiti wa kitongoji akijua uko wapi, ukipiga kelele ya msaada watu watajua pa kukimbilia.
2. Nenda mapema. Anza saa 12 asubuhi, maliza kazi nzito kabla ya saa 5. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 jua na upepo ndivyo vikali. Upepo ukiwa mkali tangu asubuhi, ahirisha.
3. Beba dumu la maji la lita 20, jembe na panga, hata kama unakwenda kwa shoka tu. Maji hayo ni ya moto, si ya kunywa. Ya kunywa beba mengine.
4. Chagua njia ya kutoka kabla ya kukata mti wa kwanza: shamba lililolimwa, barabara, mto mkavu wa mchanga, au mahali palipokwisha kuungua. Kila mtu mliyekwenda naye aijue.
5. Fyeka na fagia mahali pa kurundika kuni, angalau mita 5 kuzunguka.
6. Usipike porini. Beba kiporo, viazi au uji. Anayevuta sigara avute akiwa mahali palipofagiliwa, na kipande akizime kwa udongo.
7. Usichome shina ili mti uanguke. Gogo la mkola au mninga likishika moto linafuka siku kadhaa ndani, hata kwenye mizizi, na upepo ukija linawaka wewe ukiwa umelala nyumbani.
8. Ukikuta nyuki kwenye mti, waache. Asali ya kurina kwa mwenge mwezi wa Septemba ni ghali kuliko asali yoyote ya Tabora.
9. Anayetumia msumeno wa injini, chenso, auache upoe kabla ya kuongeza mafuta, na asiuweke juu ya nyasi ukiwa wa moto. Vivyo hivyo kwa bodaboda: usiipaki kwenye nyasi ndefu.
10. Vaa nguo za pamba na viatu vilivyofunika mguu. Nailoni inayeyuka na kugandamana na ngozi.

Kwa wenye ngitili na mashamba ya miti: barabara ya moto yenye upana wa mita 3 hadi 5 ilimwe mwezi wa Mei au Juni. Kama kijiji kimekubaliana kuchoma kinga pembezoni, ifanyike miezi hiyohiyo, nyasi zikiwa na unyevu, jioni pasipo upepo, watu wakiwepo na majirani wakiwa wameambiwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haichezi na anayewasha moto ovyo, na sheria ndogo za vijiji zipo pia.

Moto ukitokea

Ukiwa mdogo kama mkeka, upige kwa matawi mabichi ukianzia kwenye ukingo wake na ukiwa upande upepo unakotoka. Ukishapanda kifuani, hiyo si kazi yako peke yako. Acha kuni, acha mkokoteni, fungua ng'ombe, ondoka. Usikimbie mbele ya moto ukielekea upepo unakovuma, kwani utakushinda mbio. Toka kwa ubavuni, au ingia mahali palipokwisha kuungua.

Kisha piga mwano. Katika nchi hii mwano ukisikika kila mwenye nguvu anatoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walijengwa juu ya utaratibu huo kupambana na wezi wa ng'ombe. Moto ni mwizi wa ng'ombe pia, anaiba malisho. Piga simu 114 ya Zimamoto, lakini tambua kwamba porini majirani watafika kwanza.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, apelekwe zahanati.

Mwisho, kuni ni akiba ya nyumba, na hakuna mzigo wa kuni unaolingana na ngitili ya kijiji au maisha ya mtu. Kabla hujaondoka porini, rudi nyuma, weka kiganja juu ya udongo pale palipokuwa na moto wa aina yoyote. Kama ni pa moto, mwaga maji, chimbua, mwaga tena. Panapopoa ndipo uondoke. Nawatakia kazi njema na mvua njema.