Je, Kiwanja Kinachogombewa ni Mali?

Mjane wa Kanyosha, Bujumbura, anayegombania kiwanja na shemeji zake, akitaka msaada mahakamani hutakiwa kuonyesha cheti cha ufukara kutoka tarafani, au komine, wasemavyo wenyeji. Lakini je, mwenye kiwanja ni fukara?

Swali hili ni la zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Urundi ilichukuliwa na Wabelgiji, na jirani yake Tanganyika ikawa ya Waingereza, walioitumia huko sheria ya India ya mwaka 1908 ya mashauri ya madai. Humo, pale ambapo ada haikupangwa, fukara alikuwa mtu asiye na mali ya rupia 100, bila kuhesabu nguo zake za lazima na kitu kinachogombewa. Naona hapo walikuwa na busara: kiwanja hakiuziki kabla ya hukumu. Hata hivyo, fukara alisamehewa ada tu, wakili hakupewa.

Tanzania ilitunga sheria ya msaada wa wakili mwaka 1969, nayo ikawahusu washtakiwa wa jinai peke yao. Wenye kesi za madai walingoja hadi sheria ya mwaka 2017.