Kisu Kilivyopimwa katika Nyanza

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yafaa kukumbukwa kila lizukapo jambo jipya katika uganga, kwa maana mgonjwa hupenda upesi kile alichoahidiwa kwamba kitamwokoa. Lakini tabibu mwaminifu hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kushika kisu: Je, jambo hili lafaa? Na je, halidhuru? Jinsi maswali hayo yalivyojibiwa kando ya Ziwa Viktoria, hata yakafika Homa Bay na Migori, ni habari impasayo kila kijana kuijua.

Tangu zamani Wajaluo, walio wengi katika sehemu hizo, hawakuwa na desturi ya kutahiri. Alama yao ya kutoka utotoni ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Wakuria, majirani zao huko Migori, huwatahiri wavulana wao kwa sherehe kubwa. Basi wakaishi watu wa desturi mbili katika nchi moja, na kila mmoja akaiona yake kuwa njema.

Ndipo ukaja Ukimwi. Mwaka 2007, katika Kenya nzima, watu wazima wapatao 7 kwa kila 100 walikuwa na virusi vyake. Katika Nyanza walikuwa karibu 15. Hapakuwa na kijiji kisichochimba makaburi ya vijana, wala ukoo usiolea yatima.

Mwaka 1989 William Cameron, Frank Plummer na wenzao walitangaza waliyoyaona katika kliniki moja ya Nairobi: wanaume wasiotahiriwa waliambukizwa zaidi kuliko waliotahiriwa. Wengine walifurahi, lakini wenye hekima walisita. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, wala si jogoo aletaye jua. Huenda waliotahiriwa walikuwa watu wa dini nyingine, au wa mwenendo mwingine, na hayo ndiyo yaliyowakinga. Kuona mambo mawili yakifuatana si kuthibitisha kwamba moja limezaa la pili.

Kwa hiyo, mwaka 2002, Robert Bailey, Stephen Moses, Jeckoniah Ndinya-Achola na wenzao walianza jaribio mjini Kisumu, kichwani mwa Ghuba ya Winam. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wasio na virusi, walijitolea. Waligawanywa kwa kura: nusu watahiriwe mara moja, nusu wangoje miaka miwili. Kura ndiyo iliyoondoa upendeleo, kwani dini, elimu na mwenendo viligawanyika pande zote mbili sawasawa. Wote walifundishwa kujikinga na kupewa kondomu.

Desemba 2006 wasimamizi waliamuru jaribio likome. Miongoni mwa waliotahiriwa 22 walikuwa wameambukizwa. Miongoni mwa waliongoja, 47. Hatari ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, nao waliona si haki kuendelea kuwangojesha wengine. Majaribio ya Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, yalitoa jibu kama hilo.  Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara iwe mojawapo ya njia za kuzuia Ukimwi.

Swali la kwanza likajibiwa. Je, la pili? Huko Kisumu waliopata madhara hawakufika 2 kwa kila 100, nayo yalipona upesi. Lakini waliowatahiri walikuwa mafundi waliofunzwa vema. Huko Bungoma, watafiti waliowachunguza wavulana waliotahiriwa katika mazingira ya kawaida waliona madhara kwa 35 katika kila 100 waliokatwa na ngariba, na kwa 18 katika kila 100 waliokatwa hospitalini. Twajifunza hapa kwamba jengo la hospitali peke yake halimlindi mtu. Humlinda mkono uliofunzwa na chombo kilicho safi. Ndiyo sababu serikali ilipoanza kazi hii katika Nyanza, Novemba 2008, mafunzo yalitangulizwa.

Hospitali ya Homa Bay nayo ikawa mahali pa kupima. Mwaka 2009 wanaume 40 walitahiriwa huko kwa pete ya plastiki iliyobuniwa China, iitwayo Shang Ring, isiyohitaji kushona. Kisha pete na kisu vilishindanishwa kwa kura, Homa Bay na Lusaka, kwa wanaume wapatao 400. Kazi ya pete ilichukua kama dakika 7, ya kisu 20, madhara yalikaribiana, lakini kidonda cha pete kilichelewa kupona kwa siku kama tano. Watafiti waliandika faida na kasoro pia, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaikubali pete hiyo.

Hata hivyo, tohara si ngao isiyopenyeka. Kumbuka wale 22. Aliyetahiriwa aweza kuambukizwa na kuambukiza, naye akijivunia kisu akaacha tahadhari, ameitupa faida yake mwenyewe. Tena baadhi ya wazee wa Kijaluo waliona desturi yao inabezwa, nayo haikuwa hoja ya kudharauliwa. Kwa hiyo tohara hii ilifanywa iwe ya hiari.

Msomaji, ukikutana na tarakimu kitabuni, usizipite kama mawe ya njiani. Nyuma ya kila moja yuko kijana aliyekubali kupigiwa kura, ili wengine wasitibiwe kwa kubahatisha.