Bibi Titi Alianzia Kwenye Kikundi

Akina mama wenzangu, tunapotimiza miaka kumi tumkumbuke Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma ya msingi tu, kama wengi wetu, na alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuongoza akina mama wa TANU, alianzia kwenye vikundi vya ngoma, maana huko wanawake walishajuana na kuaminiana. Watumishi wa serikali walikatazwa kuingia TANU, wanaume wengi wakaogopea kazi zao. Akina mama wakakata kadi kwa maelfu.

Baada ya Uhuru akawa Waziri Mdogo, na mwaka 1962 Mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Mwaka 1965 akakosa ubunge. Mwaka 1969 akakamatwa kwa uhaini, akafungwa maisha, akasamehewa 1972. Alifariki mwaka 2000.

Cheo huja kikaondoka. Waliojiunga pamoja hubaki. Kwa hiyo hapa Ndama mtu asiseme sisi ni wa kuweka na kukopa tu. Kila mama ana daftari lenye jina lake mwenyewe, na mkutanoni anasimama anasema. Viongozi huanzia hapo.