Moyo usimamishwe, au uachwe udunde?

Wasikilizaji wa kipindi hiki wamezoea kunisikia nikizungumzia vita, watemi na mikataba ya wakoloni. Wiki hii naomba radhi, nitazungumzia kifua cha mzee mmoja. Baba yangu mkubwa, mkulima wa pamba na mfugaji wa Didia, pale njiani ukitoka Shinyanga kwenda Tinde, aliambiwa mwaka jana na madaktari wa Dar es Salaam kwamba mishipa mitatu inayoulisha moyo wake imeziba na kwamba hapana budi apasuliwe. Alikuwa na umri wa miaka 76. Kabla ya hapo zahanati moja ilikuwa imempa dawa za vidonda vya tumbo kwa karibu miaka miwili, kwa kuwa mwenyewe alisema anaumwa chembe cha moyo, na kwetu ukitaja chembe cha moyo watu wanaelewa tumbo. Lakini maumivu yale yalimjia akisukuma baiskeli yenye gunia na yakaondoka akikaa chini ya mti. Tumbo halina tabia hiyo.

Tukakaa kikao cha ukoo. Kijana mmoja msomi akaeleza kwamba upasuaji huo una njia mbili: katika moja moyo husimamishwa na mashine ikashika kazi yake, katika nyingine moyo huachwa ukidunda daktari akishona juu yake. Hapo kikao kikagawanyika. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, wewe unayesema redioni. Wakiusimamisha moyo wangu halafu wakauwasha tena, nitawajua?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na nilichokuta huko ni historia, ndiyo maana naileta hapa.

Kwanza kazi yenyewe. Watu wa Didia wanajua daivasheni: mkandarasi akifunga daraja, malori huchepushwa porini na kurudi barabarani huko mbele. Daktari hufanya vivyo hivyo. Huchukua kipande cha mshipa mguuni, au mshipa ulio nyuma ya mfupa wa kifua, akakishona baada ya pale palipoziba, ili damu ipite pembeni na kuifikia nyama ya moyo.

Ugumu wa zamani ulikuwa kujua palipoziba ni wapi. Mwaka 1958, mjini Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akimpiga picha mgonjwa, na kwa bahati mbaya dawa ya rangi ikaingia moja kwa moja katika mshipa wa moyo. Moyo wa mgonjwa ukasimama. Sones akampigia kelele akohoe. Akakohoa, moyo ukaanza tena. Kosa lile ndilo lililowafundisha madaktari kwamba mishipa ile inaweza kuonekana mmoja mmoja mgonjwa akiwa hai.

Sasa, wengi hudhani njia ya moyo unaodunda ndiyo mpya, na ya mashine ndiyo ya kizamani. La hasha. Miongoni mwa waliotangulia alikuwamo Robert Goetz, Mjerumani aliyehamia Cape Town na kufanya uchunguzi wa jinsi damu ya twiga inavyopanda shingo yote ile hadi kichwani. (Nchi yenye twiga katika nembo nyingi kama yetu ingepaswa kumjua mtu huyu.) Baadaye alihamia New York, na tarehe 2 Mei 1960 akauunganisha mshipa wa kifuani na mshipa wa moyo wa dereva wa teksi, kwa pete ndogo ya madini, moyo ukiwa unadunda. Kuunganisha kulichukua sekunde 17. Mgonjwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja, lakini wenzake Goetz hawakumuunga mkono, naye hakurudia. Mwaka 1964 huko Leningrad, katika Urusi ya wakati ule, Vasilii Kolesov akafanya kazi ya namna hiyo kwa sindano na uzi, naye pia bila mashine. Wenzake nao wakatikisa vichwa.

Mashine ilikuwapo tayari. John Gibbon wa Philadelphia aliihangaikia tangu miaka ya 1930, na tarehe 6 Mei 1953 ikashika kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26. Aliyeiunganisha mashine hiyo na upasuaji wa mchepuo, na kuufanya kazi ya kila siku, ni René Favaloro wa Ajentina, na hapa naomba tukae kidogo.

Favaloro hakuwa mtu wa mjini. Mwaka 1950, baada ya kukataa kutia saini karatasi ya utii kwa chama cha Rais Perón, alikwenda kuwa daktari wa kijiji kinachoitwa Jacinto Aráuz, katika nyika ya Pampa, nchi kavu ya wakulima na wafugaji. Huko alikaa miaka 12. Palipokosekana benki ya damu, aliwaorodhesha wanakijiji wenye kila aina ya damu ili waitwe saa yoyote. Baadaye ndipo alipokwenda Cleveland kujifunza upya, karibu na Sones, na Mei 1967 akatumia mshipa wa mguuni kuponya moyo ulioziba. Ni mwaka ule ule sisi tulipotangaza Azimio la Arusha. Kwa hiyo aliyeufanya upasuaji huu uenee duniani alikuwa daktari wa mahali panapofanana na Didia.

Tangu hapo moyo ukawa unasimamishwa. Kushona mshipa mwembamba kwenye moyo uliotulia ni rahisi kuliko kuushona ukiruka mkononi kama samaki. Lakini katika miaka ya 1980 Federico Benetti, Mwajentina mwingine, na Enio Buffolo wa Brazili walirudia kazi ya moyo unaodunda, na sababu mojawapo ilikuwa fedha: mirija na vifaa vya mashine vilikuwa ghali. Matajiri waliposikia kwamba mgonjwa asiyepita katika mashine huenda akapona upesi, nao wakaja kujifunza. Si mara nyingi elimu husafiri upande huo.

Hofu ya mashine haikuwa ya bure. Damu ikipita katika mirija ya plastiki mwili hushtuka. Tena daktari hulazimika kuubana mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kwa mzee mshipa huo aghalabu umeota ugumu kama ganda la chokaa. Ukibanwa, vipande vinaweza kubanduka, vikapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walisema kwamba miaka mitano baada ya upasuaji, wagonjwa 42 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa akili. Habari hiyo ilitisha wengi. Hilo hasa ndilo aliloliuliza mzee.

Basi wakapima. Mwaka 2007 Waholanzi walitoa matokeo ya miaka mitano ya wagonjwa waliofanyiwa kila njia: kwa upande wa akili hapakuwa na tofauti. Uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba wenye ugonjwa wa moyo ambao hawakupasuliwa hupoteza kumbukumbu kwa kadiri ile ile. Mwizi ni uzee na mishipa yenyewe. Kisha mwaka 2013 Wajerumani wakatoa utafiti wa wazee watupu, 2,539, wote wenye miaka 75 na zaidi, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika hospitali 12. Katika siku 30 za kwanza, waliokufa au kupatwa na kiharusi, shtuko la moyo, figo kushindwa au kurudiwa kazi ya mishipa walikuwa asilimia 7.8 kwa moyo unaodunda na 8.2 kwa mashine. Baada ya mwaka mmoja, 13.1 na 14.0. Kwa hesabu za kitaalamu hiyo ni sare. Ila waliopasuliwa moyo ukidunda walihitaji zaidi kurudiwa kazi mapema, jambo linaloonyesha kwamba mshono juu ya kitu kinachoruka si mchezo.

Utafiti mmoja ulinikalisha kitako. Katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, wagonjwa 2,203, waliopasuliwa moyo ukidunda walikufa zaidi ndani ya miaka mitano: asilimia 15.2 dhidi ya 11.9. Lakini katika utafiti mkubwa kuliko huo, wagonjwa 4,752 wa nchi 19, India ikiwamo, tofauti haikuonekana hata baada ya miaka mitano. Kwa nini? Wa kwanza ulilaumiwa kwamba kazi nyingi zilifanywa na madaktari waliokuwa bado wanafunzi wa ubingwa. Wa pili haukumpokea daktari ambaye hajafanya njia yake zaidi ya mara 100. Hapo ndipo nilipoona kwamba kikao chetu kilikuwa kikigombania swali lisilo lenyewe.

Zamani hata swali hilo tusingekuwa na pa kuliuliza. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo mgonjwa alisubiri kibali cha serikali na ndege ya India, au alisubiri tu. Hata leo, kutoka Didia hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000, na safari ya mzee ilianza kwa miaka miwili ya dawa za tumbo.

Tulipofika mbele ya daktari nikamwuliza: "Wewe mkono wako umezoea ipi?" Hakukasirika. Alisema amezoea mashine, lakini kwanza ataukagua mshipa mkuu, na akiukuta mgumu hataubana, atamwita mwenzake aliyezoea moyo unaodunda. Mzee akacheka. Alisema huyu anafanya kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, hatoi bei kabla hajampapasa.

Mshipa ulikuwa laini. Moyo ulisimamishwa, ukawashwa. Siku ya pili alinitambua, akaniuliza kama mvua imenyesha nyumbani na nani analisha ndama. Kwa wiki kadhaa kifua hakikumsumbua kama mguu uliotolewa mshipa, ambao ulivimba na kumwasha. Wageni wakija Didia kumjulia hali, hupandisha suruali na kuwaonyesha kovu lile refu: "Hapa ndipo walipochimba kifusi cha daivasheni."