Bisap: inasaidia nini ku ngozi na ku mwili?
Ile nyekundu tunayokausha si ua lenyewe, ni ganda lenye kulishika. Bisap ni jamaa moja na ngai-ngai tunayopika, na ukali wake ni asidi. Ukipakaa maji yake yaliyopoa ku uso, yanaweza kulegeza ngozi iliyokufa, ila penye kidonda yatawasha. Jaribu kwanza ku mkono. Kukufanya mweupe? Hapana.

Faida kubwa iko ku kunywa. Utafiti wa Marekani wa 2010 ulilinganisha watu 65 wenye tansio ya kupanda kidogo. Wale waliokunywa bisap vikombe 3 kila siku, majuma 6, tansio yao ilishuka kuliko wenzao. Lakini wamama na wababa wenye kumeza dawa, musiziache. Mwenye mimba aulize munganga mbele ya kunywa. Na sukari ile tunayomwaga ndani, mupunguze.